Kabla ya kununua mchanganyiko wa viungo

Geuza pakiti usome orodha ya viambato. Kwa kawaida hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukikuta chumvi, sukari au unga mwanzoni, basi hicho ndicho unacholipia, viungo vyenyewe vimenusishwa tu.

Ukishaifungua, sugua kidogo kati ya vidole. Harufu ipande yenyewe, usiitafute. Ikinuka vumbi, mafuta yake yanayoleta harufu yameshapotea, hata kama rangi bado inang'aa (na rangi huongezwa, kwa hiyo isikulaghai). Kwenye majani makavu, vijiti vingi ni vya kujazia uzito.

Wengine hudondoshea ayodini (dawa ya vidonda inayogeuza wanga kuwa bluu-nyeusi) kutafuta unga uliochanganywa. Sawa, ila manjano na tangawizi zina wanga wa asili: zitageuka bluu-nyeusi hata zikiwa safi kabisa.