Mdai Akichelewa Kuthibitisha Deni Unalolikataa

Umemwambia mdai kuwa deni hulitambui, akanyamaza. Usidhani yameisha. Kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandika barua za aina hii, na wengi hunijia wakiwa hapo hapo: wameuliza, hawajajibiwa, lakini simu za kudai bado zinapigwa. Swali langu la kwanza kwao ni hili: ulichomwandikia kiko wapi? Mara nyingi hakipo, walilalamika kwa simu tu. Hapo tunaanza upya, kwa maandishi na kwa tarehe.

Barua iwe fupi. Usisimulie shida zako, wala usieleze kwa nini huna fedha, kwa sababu maelezo hayo husomeka kama kukiri. Andika: "Silitambui deni mnalonidai. Naomba uthibitisho wake ndani ya siku 14." Kisha taja unachotaka: nakala ya mkataba wenye sahihi yako, taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza, tarehe ya malipo ya mwisho, na kama deni limeuzwa, hati inayoonyesha kuwa anayekudai ndiye mwenye haki nalo. Ipeleke kwa mkono ugongewe muhuri kwenye nakala yako, au kwa rejista ya posta, au kwa baruapepe usiyoifuta.

Hiyo taarifa ya akaunti ndiyo naisisitiza kuliko vyote. Wadai wengi hutuma karatasi moja yenye jumla tu, wakaiita uthibitisho. Mama mmoja niliyemsaidia alitumiwa karatasi ya namna hiyo. Tuliijibu tukitaka mchanganuo: mkopo ulikuwa kiasi gani, riba imehesabiwaje, adhabu zimetokana na kifungu kipi cha mkataba, na malipo yake yameingizwa tarehe zipi. Mchanganuo ulipofika, malipo aliyokuwa na risiti zake hayakuwemo. Jumla pekee isingeonyesha hilo kamwe.

Siku zikipita kimya, andika tena. Ambatanisha nakala ya barua ya kwanza, taja tarehe iliyopokelewa, na useme kuwa hadi uthibitisho ufike unataka madai yasimame. Nguvu ya barua hiyo hutegemea sheria ya nchi yako. Marekani, sheria ya mwaka 1977 inampa mdaiwa siku 30 za kupinga kwa maandishi baada ya kupokea maelezo ya deni, na mkusanya madeni akishapingwa hivyo lazima aache kudai mpaka atume uthibitisho. Uingereza, kwa mikopo iliyo chini ya sheria ya mwaka 1974, mdai akiombwa nakala ya mkataba ana siku 12 za kazi. Zikipita hawezi kuutekeleza mkataba huo mahakamani mpaka aitoe. Angalia neno "mpaka". Kuchelewa kunamfunga mikono kwa muda, hakufuti deni. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona watu wakitupa mafaili yao wakiamini kimya ni msamaha.

Katika kipindi hiki atakupigia mtu mpole akuombe ulipe kidogo tu, kuonyesha nia njema. Usilipe. Kenya na Tanzania, kwa mfano, madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 wa kuyapeleka mahakamani, lakini malipo ya sehemu ya deni au kukiri kwa maandishi kunaweza kuanzisha hesabu hiyo upya. Ujumbe wa "nitalipa mwisho wa mwezi" nao ni maandishi. Mjibu tu kwamba unasubiri uthibitisho, kisha andika saa aliyopiga na jina alilojitambulisha nalo.

Kama deni limepelekwa kwenye taasisi ya taarifa za mikopo, waandikie nao kwamba lina mgogoro na uambatanishe barua zako. Ukishindwa kwa mdai, peleka faili lote kwa msimamizi wa taasisi za fedha wa nchi yako.

Samansi, yaani wito wa mahakama, ni jambo jingine kabisa. Ikija, ijibu ndani ya muda ulioandikwa humo, hata kama mdai hajajibu barua yako hata moja. Usipojibu, hukumu ya upande mmoja inaweza kutolewa bila yeyote kukagua mkataba. Katika utetezi wako likane deni waziwazi, eleza tarehe za barua zako, na uiombe mahakama imwamuru mdai alete hati. Anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, lakini lazima uwepo uudai mzigo huo.

Uthibitisho ukifika ukawa sahihi, sasa zungumza malipo, ukianza na adhabu zisizo na kifungu. Mdai akiamua kuachana na madai, usikubali kuambiwa kwa simu. Dai barua inayosema hudaiwi kitu, na uihifadhi pamoja na nakala zote, kwa sababu deni hilo hilo linaweza kuuzwa kwa mkusanyaji mwingine atakayeanza kukudai upya.