Kipoza cha prosesa: soma wati, pima kasha, ndo utoe hela

Wakuu, mtu akisema PC yake inachemka basi kila mtu ana jibu, huyu anamwambia nunua kipoza cha maji, yule anamwambia tafuta Noctua (kampuni ya vipoza), mwingine anasema kile kilichokuja kwenye boksi kinatosha, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ana prosesa (CPU) gani, kasha lake lina nafasi kiasi gani na chumba chake kina joto gani. Hivyo vitatu ndo vinaamua, bei inakuja baadae.

Kwanza hakikisha kama kweli unahitaji kununua. Shusha HWiNFO au Core Temp, ni programu za kusoma joto, ziko bure, iache kompyuta imetulia uangalie joto, afu iwashie kazi nzito, Cinebench (programu ya kuijaribu prosesa) kama dakika kumi hivi au gemu lako lenyewe. Ikiwa imetulia na inasoma digrii 40 au 45 kwenye chumba cha Dar mchana hapo hakuna shida yoyote. Ikiwa kwenye kazi na inasoma 75 mpaka 85 pia bado uko salama. Prosesa nyingi za Intel kikomo chake ni digrii 100, za Ryzen za AMD nyingi ni 90 au 95, na ikifika hapo haiungui ila inajipunguzia spidi yenyewe ili ipoe, ndo unaona gemu lilikuwa linaenda freshi dakika za mwanzo afu linaanza kukwama kwama. Ila wenye Ryzen 7000 zenye X mwisho msishtuke, AMD wenyewe walisema zile zimetengenezwa zipande mpaka 95 kwenye kazi nzito na zikae hapohapo, kwaiyo kuiona 95 pale haimaanishi kipoza kimekufa.

Ukikuta inachemka kweli bado usikimbilie dukani. Hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk za mtumba ambazo wengi wetu ndo tunaanzia nazo zimefanya kazi ofisini huko Ulaya miaka na miaka, pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na hitisinki (kile chuma chenye mapezi) imekauka imekuwa kama unga, na kwenye mapezi kuna vumbi limeshikana mpaka linatoka kipande kizima. Toa hitisinki, futa pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, piga brashi mapezi, weka pesti mpya. Ukipuliza kwa bloa ishike feni kwa kidole isizunguke hovyo, zinaharibika hivyo. Kwa mashine ya i5-4570 au i5-6500 hapo mara nyingi kazi imeisha kwa bei ya kitubu cha pesti tu, Arctic MX-4 au kinachofanana nayo, ila nunua kwa mtu unayemwamini mana feki zipo nyingi.

Sasa tuje kwenye joto la chumba, hapa ndo watu wanaibiwa na video za mtandaoni. Mzungu anapima kipoza kwenye chumba cha digrii 21 au 22, anakuonyesha prosesa iko 60, we unasema kitu kizuri hiki naagiza. Kipoza chochote, cha hewa au cha maji, hakiwezi kushusha joto chini ya joto la chumba, kinachofanya ni kulitoa joto kwenye prosesa na kulimwaga kwenye hewa iliyopo. Kwaiyo usiangalie ile 60, angalia imezidi chumba kwa ngapi: 60 toa 22 ni 38. Chumba chako Mbagala au Kisauni mchana kiko 32, hakina AC, jumlisha 38 unapata 70. Na kama mwenzako wa Ulaya amepata 85, basi kwako hiyo ni 95, umeshagonga ukuta. Mtu wa Arusha, Mbeya au Nairobi ana unafuu mkubwa hapa, kipoza kilekile kwake kinatosha na kwa mtu wa pwani kinahema. Sisi wa pwani tununue saizi moja juu ya kile wanachokisifia, ndo kanuni yangu.

Wati nazo zina ujanja wake. Ryzen 5 7600 imeandikwa 65W lakini inaruhusiwa kuvuta mpaka 88W, iliyoandikwa 105W inaenda mpaka 142W, na Ryzen 9 7950X iliyoandikwa 170W inafika 230W. Kwa Ryzen nyingi za soketi za AM4 na AM5 zidisha tu namba iliyoandikwa mara 1.35 utakaribia ukweli. Intel kuanzia kizazi cha 12 wanaandika namba mbili, ya chini na ya juu, we soma ya juu: i5-12400 ni 65W na 117W, i5-13600K ni 125W na 181W, i9-13900K ni 125W na 253W. Afu kipoza nacho boksi lake linaandikwa "TDP 250W" na hiyo kila kampuni inahesabu kivyake, usiifanye msahafu, tafuta mtu aliyekipima na prosesa kama yako.

Ukishajua wati, angalia soketi, yani pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi. Hapa hakuna mambo mengi: AM5 inatumia vishikio vilevile vya AM4, kwaiyo kipoza chako cha AM4 kinachofunga kwenye lile bati la nyuma linalokuja na mazabodi kinahamia bila tatizo. Kwa Intel soketi za LGA1150, 1151, 1155 na 1200 nafasi ya matundu ni moja, milimita 75, ila LGA1700 ya kizazi cha 12 mpaka 14 ni milimita 78, na LGA1851 inafuata hiyohiyo. Milimita tatu tu lakini kipoza cha zamani hakikai mpaka upate kishikio kipya. Duka likikuuzia mzigo uliokaa stoo muda mrefu mwambie afungue boksi muone kama kishikio cha 1700 kimo ndani, asikuambie "itaingia tu".

Halafu urefu. Chukua rula, fungua ubavu wa kasha, pima kutoka juu ya prosesa mpaka kwenye usawa wa ule mfuniko wa pembeni. Vipoza vingi vya mnara, vile vya hewa vinavyosimama wima, vina urefu wa kuanzia kama milimita 148 mpaka 165, Thermalright Assassin X 120 Refined SE ni 148, Deepcool AK400 na Peerless Assassin 120 SE ni 155, Hyper 212 ya Cooler Master inakaribia 159, Noctua NH-D15 ni 165. Kasha likiwa linaruhusu 155 na we umeleta 165 basi utakuwa unacheza gemu ubavu uko wazi na paka wa nyumbani anakuja kuota joto. RAM nazo, zile ndefu zenye mataa zinagombana na feni ya mbele ya vipoza vya minara miwili, unaweza kuipandisha feni juu kidogo ila hapo urefu unaongezeka, kwaiyo rudi kwenye rula.

Wenye mashine za kampuni, OptiPlex, EliteDesk, ThinkCentre, nyie mna kesi yenu ya pekee. Zile nyembamba zinazoitwa SFF mnara hauingii kabisa, usijisumbue. Hata zile kubwa za wima mara nyingi matundu ya skrubu yamefungwa moja kwa moja kwenye bati la kasha, na plagi ya feni kwenye Dell nyingi haifanani na ile ya kawaida ya pini 4, ukichomoa feni yake ukaweka yako mashine ikiwaka inakuletea onyo kwamba feni imekufa na inasubiri ubonyeze kitufe kila asubuhi. Kwa hizo usafi na pesti mpya ndo njia, au utafute hitisinki kubwa ya kampuni hiyohiyo iliyotoka kwenye modeli yenye prosesa ya wati nyingi. Kuna watu wanauza waya wa kubadilishia plagi, zinafanya kazi, ila hakikisha umesoma modeli yako kamili.

Haya, hewa au maji? Mimi msimamo wangu uko wazi, kwa asilimia kubwa ya watu wa huku hewa ndo jibu. Kipoza cha maji kina pampu, pampu ni motor, motor ina umri wake, na yale maji japo yamefungwa yanapungua taratibu kupitia kwenye mipira miaka inavyoenda. Pampu ikifa, prosesa ikiwa kwenye kazi inapanda mpaka kwenye kikomo ndani ya muda mfupi na huna cha kufanya mpaka upate kingine, na kuagiza kingine huku sio suala la kesho. Kipoza cha hewa feni ikifa unaenda Kariakoo au pale Luthuli Nairobi unanunua feni ya milimita 120 yoyote unafunga kwa zile waya zake, chuma kinabaki kilekile miaka kumi. Tena hewa ya chumvi ya Zanzibar, Tanga na Mombasa inakula vyuma, kwaiyo chochote chenye vitu vichache vya kuharibika kina faida. Maji nayaona yana maana kwa mtu mwenye i9 au i7 zenye K mwisho au Ryzen 9 anayerenda video masaa mengi, hapo chukua rejeta (lile bamba lenye feni linalopoza maji) ya milimita 360, au angalau 240, kama kasha linaruhusu. Rejeta ya 120 moja ni kupoteza hela, mnara wa bei ya kawaida unaifikia bila kelele za pampu. Na ukifunga, pampu isiwe ndo sehemu ya juu kuliko zote kwenye mzunguko, mana kahewa kaliko mule ndani kanapanda juu na kakiingia kwenye pampu utasikia inakoroma, weka rejeta juu ya kasha au mbele na kichwa chake kikiwa kimezidi pampu.

Kwa vitendo ni hivi. Ryzen 5 5600, Ryzen 5 7600 isiyo na X, i5-12400, hizi zinakuja na kipoza kwenye boksi na kinafanya kazi, tatizo ni kelele na joto la pwani, mnara mmoja wenye mabomba manne ya shaba, AK400 au Assassin X, unamaliza habari. Ryzen 7 5800X au i5-13600K haziji na kipoza kabisa, na zinawaka moto kweli, hizo nenda minara miwili, na hapa Peerless Assassin 120 SE ndo imeharibu soko mana kwa bei ya nje ya kama dola 35 hadi 40 inakaribiana sana na NH-D15 inayozidi dola 100. Ryzen 7 7800X3D wengi wanaiogopa kwa sababu imeandikwa 120W, lakini kwenye gemu inakula umeme kidogo, mnara mmoja mzuri unaimudu, kikomo chake tu ndo kiko chini, 89. Kasha dogo jembamba lililojengwa na wewe mwenyewe, tafuta vile vifupi, NH-L9i ya milimita 37 au AXP90-X47 ya 47, ila prosesa iwe iliyoandikwa 65W, usilazimishe zaidi.

Kabla ya kupanda saizi jaribu pia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mazabodi, ni bure. Ryzen 7000 zina Eco Mode ya kupunguza wati, Intel unashusha vikomo vya wati vinavyoitwa PL1 na PL2, unapoteza spidi kidogo ambayo kwenye gemu hata huioni na joto linashuka vizuri sana. Na kasha lenyewe liwe linapumua, feni mbili mbele zinaingiza na moja nyuma inatoa. Kasha la kioo mbele lisilo na matundu litamfanya hata Noctua aonekane hana kazi, mana anazungushiwa hewa ya moto ileile.

Kwenye kufunga, wenye AM4 tuliza mikono. Prosesa zile zina pini chini na kishikio chake sio kigumu, pesti ikiwa imekauka ukivuta hitisinki juu kwa nguvu inatoka na prosesa yake, pini zinapinda. Iwashe kompyuta dakika kumi ipate moto, zima, chomoa umeme, afu izungushe hitisinki kushoto kulia taratibu mpaka iachie ndo unanyanyua. Pesti weka tone la saizi ya punje ya kunde katikati, kwa AM5 na LGA1700 ongeza vitone vidogo kwenye kona. Skrubu kaza kwa msalaba kidogo kidogo, usikaze moja mpaka mwisho afu ndo uhamie nyingine. Feni ipulize kuelekea nyuma ya kasha, waya wake uchomeke kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN. Na ile nailoni ya kulinda chini ya hitisinki itoe, usicheke, inasahaulika kila siku.

Washa, rudia kipimo kilekile ulichofanya mwanzo kwenye joto la chumba lilelile, sio ulipima mchana afu unalinganisha na usiku wa manane. Ikiruka mpaka 95 ndani ya sekunde chache kwa prosesa ndogo, hapo hitisinki haijakaa vizuri au nailoni imebaki, fungua upya. Boksi na vyuma vya ziada usitupe, ukibadilisha mazabodi utavihitaji, na wenye Noctua mtunze na risiti kabisa, wale wanatoa vishikio vya soketi mpya bure kwa mwenye ushahidi kwamba alinunua kipoza chao na mazabodi au prosesa ya soketi hiyo.