Jinsi ya kufunga liva na rodi za PTO kwenye lori la zamani la jeshi

Malori kama GMC CCKW ya Vita Kuu ya Pili, na M35 iliyofuata miaka ya 1950, mengi yalitoka na winchi mbele yenye uwezo wa kuvuta pauni 10,000, yaani takriban kilo 4,500. Nguvu ya winchi hiyo inatoka kwenye PTO (power take-off), kisanduku kidogo cha gia kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi, kisha inapelekwa mbele na propela shafti. Ukipata lori la aina hii leo, mara nyingi PTO yenyewe ni nzima. Kilichopotea ni liva ya kuiingiza na kuitoa kutoka kebini, rodi zinazoiunganisha liva na PTO na pini zake, au vimebaki vipande vilivyochomelewa kwa haraka na mtu aliyetaka kuvuta gogo jioni ileile.

Shika jambo moja tangu mwanzo: urefu wa rodi unaamuliwa na PTO, si liva. Kazi inaanzia chini ya gari na kupanda hadi kebini. Anayeanza kwa kufunga liva mahali inapopendeza ataishia kukunja rodi ili ifike.

Kabla ya kuingia chini

Weka kabari kwenye magurudumu, zima injini na utoe waya wa ardhi wa betri. Breki ya mkono ya lori la umri huu usiiamini peke yake.

1. Tafuta nyutro ya PTO

Safisha grisi na matope pale shafti ya kubadilishia inapotoka kwenye PTO. Ndani yake kuna gololi inayosukumwa na springi, na shafti ina vijishimo ambavyo gololi hiyo huingia. Shika shafti kwa mkono, isukume na kuivuta hadi usikie ikijifunga: tak. Hesabu vituo vyote. PTO nyingine zina nyutro na kuvuta tu. Nyingine zina nyutro katikati, kuvuta upande mmoja na kulegeza upande wa pili.

Utajuaje nyutro ni ipi? Zungusha propela shafti ya winchi kwa mkono. Ikizunguka kirahisi bila gia kushika, hapo ndipo. Piga alama ya rangi kwenye shafti mahali inapotokea kwenye kisanduku, na alama nyingine kwa kila kituo kingine. Pima mwendo kati ya alama na uuandike, kwa sababu rodi zako zitapaswa kuufikisha wote. Gia inayoingia nusu hubeba mzigo kwenye ncha za meno, na meno hayo hayakawii kumeguka.

Kama gololi haijifungi kabisa, fungua kizibo chake uangalie springi. Hakuna rodi itakayotibu springi iliyochoka.

2. Kagua pini na bushi

Ukiwa na viungo vitano na kila kimoja kina ulegevu wa nusu milimita, umeshapoteza milimita mbili na nusu kabla shafti haijasogea. Tundu lililokuwa yai lipanuliwe liwe duara na kutiwa bushi. Usiweke bolti ya kawaida badala ya pini: nyuzi zake zitakula tundu kama msumeno.

3. Egemeo lifungwe wapi

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo usiwe na haraka. Egemeo ni pale liva inapozungukia. Injini na giaboksi vimekaa juu ya maunti (vishikio) za mpira. Winchi ikianza kuvuta mzigo mzito, injini huinama ubavu mmoja na giaboksi hufuata, lakini kebini na fremu hubaki palepale. Kama egemeo la liva liko kwenye fremu au sakafu, mwinamo huo unavuta rodi, na PTO inaweza kuruka gia huku kamba imekaza. Hakuna mahali pabaya pa kuruka gia kuliko hapo.

Kwa hiyo funga kishikizo cha egemeo kwenye giaboksi yenyewe, kwa bolti zilizopo, ili liva na PTO viiname pamoja. Sakafuni acha tundu pana na ulifunike kwa buti la mpira. Kama huna njia ila kufunga kwenye fremu, basi ipitishe rodi sambamba na urefu wa gari. Rodi ya hivyo haisumbuliwi sana na kuinama kwa injini. Inayokatisha kutoka ubavu hadi ubavu ndiyo itakayokutesa.

4. Kata rodi

Rodi iwe nyoofu kadiri iwezekanavyo. Ikibidi kukunja, tumia chuma kinene zaidi, maana rodi iliyokunjwa hunesa kabla ya kusukuma.

Angalia nyuzi. Malori ya Marekani hutumia nyuzi laini za inchi. Kwa rodi ya inchi 3/8 ni nyuzi 24 kwa kila inchi. Ya Uingereza ya zamani yana BSF (British Standard Fine, nyuzi laini za Kiingereza), ambayo kwa unene huohuo ni nyuzi 20. Usitie nati ya M10 kwenye rodi ya inchi 3/8: hata ikionekana kuingia, haishiki sawasawa.

5. Unganisha na urekebishe

Rudisha PTO kwenye nyutro. Simamisha liva katikati ya njia yake. Zungusha uma wa mwisho wa rodi (kichwa chenye pande mbili kinachopitishwa pini) hadi pini iingie kwa kidole, bila nyundo wala kushindilia. Nyuzi ziingie ndani ya uma angalau kwa kina sawa na unene wa rodi, kisha kaza nati ya kufungia, tia washa na spliti pini mpya.

Sasa peleka liva kila upande. Gololi ijifunge kabla liva haijagusa ukingo wa sakafu, na nafasi ibaki. Alama zako za rangi zitasema kweli.

Rudisha pia kibati kinachoizuia liva isitoke kwenye nyutro yenyewe. Bila hicho, liva ikigongwa na mguu barabarani, shafti ya winchi itazunguka kwa kasi ambayo haikutengenezewa.

6. Jaribu

Achanisha klachi ya ngoma ya winchi (inayozungushiwa kamba) ili ngoma isizunguke. Gia kuu na transfa (giaboksi inayogawa nguvu kwa ekseli) ziwe nyutro. Toka chini ya gari, rudisha waya wa betri, washa, acha injini isilensi, yaani izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Kanyaga klachi, ingiza PTO, achia polepole. Tazama shafti kwa mbali. Kanyaga tena kabla ya kutoa.

Ukisharidhika, angalia pini ya kukatika iliyo upande wa winchi, iliyotengenezwa ikatike kwanza mzigo ukizidi. Iwe ya aina iliyoelekezwa kwa winchi hiyo. Ukiweka bolti ngumu, kitakachokatika siku ya mzigo mkubwa kitakuwa kamba au gia. Baada ya mivuto michache ya kweli, kaza tena nati za kufungia, kwa kuwa bushi mpya hukaa sawa baada ya kazi.