Jinsi ya kuendesha kikao cha MEWAKA shuleni mpaka darasani paonekane mabadiliko

Walimu wenzangu, hasa nyie wa shule za msingi zenye watoto 80, 100 na kuendelea darasa moja, naomba tuongelee hivi vikao vyetu vya MEWAKA. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ni kitu kizuri sana na nakipenda, maana zamani mafunzo ilikuwa mpaka uitwe wilayani, wanaenda wawili kwa niaba ya shule nzima, wakirudi wanatoa mrejesho wa dakika kumi na habari imeisha. Sasa hivi tunajifunza hapahapa shuleni. Shida ni kwamba sehemu nyingi kikao kimegeuka cha kusomeana moduli, yaani maandishi ya mafunzo, mratibu anasoma, wengine tunaandika kwenye kaunta buku, mahudhurio yanasainiwa, tunaondoka, na yule mtoto wa darasa la tatu aliyekaa nyuma kabisa hajapata chochote.

Kinacholeta mabadiliko ni hiki: mnachukua mbinu moja tu, kila mtu anaenda kuijaribu darasani kwake wiki hiyohiyo, mwenzake anakaa na watoto anaangalia, halafu kikao kinachofuata mnaongelea mlichokiona. Wajapani wana utaratibu wa namna hii, walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha wengine wanaangalia, na wameufanya zaidi ya miaka 100.

Anzeni na watoto, moduli itafuata. Kila mwalimu aje na majina ya watoto watatu wa darasani kwake ambao ukimuuliza kama somo la jana walielewa au hawakuelewa, hajui. Hapo ndipo utashangaa. Huyu haoni ubaoni, huyu nyumbani wanaongea Kisukuma na Kiswahili kakutana nacho shuleni, huyu masikio yanamtoka usaha kila mara kwahiyo nusu ya maelezo hasikii, huyu ana ualbino na kapangwa dirishani jua linampiga machoni kipindi kizima, huyu ana kigugumizi akisimama wenzake wanacheka. Watu wengi wanadhani elimu jumuishi ni ya zile shule zenye kitengo cha elimu maalumu, kumbe hao watoto tunao wote, na wengi wao hawajawahi kupimwa popote. Ila majina ya watoto yaishie hapohapo kwenye kikao, yasiende kwenye grupu la WhatsApp la walimu wala la wazazi.

Ukishawajua watoto ndo unachagua mbinu. Mimi nashauri muanze na kusubiri, ni bure na inafaa kila somo. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima akakuta mwalimu akiuliza swali anasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumchagua mtu au kujibu mwenyewe, na walimu waliposubiri sekunde tatu au zaidi watoto walijibu kwa urefu na waliokuwa kimya wakaanza kuongea. Sasa fikiria darasa letu la Hisabati, umeandika ubaoni 1/3 na 1/4, unauliza ipi kubwa, vidole vinaalika huku na kule, "mwalimu mimi! mwalimu mimi!", unamchagua wa mbele, anasema theluthi, mnampigia makofi mnaendelea. Waliobaki wengi vichwani mwao robo ndo kubwa kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3, na hutajua mpaka mtihani.

Fanya hivi. Uliza swali, sema mikono chini, hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Halafu waambie kila mmoja amwambie jirani yake jibu na sababu, wapewe karatasi mbili za urefu sawa wakunje moja ipate vipande vitatu sawa nyingine vinne sawa, waone kipande kipi kirefu. Ndo unachagua wa kujibu, na usichague kwa macho maana macho yetu yana wenyewe. Chukua vizibo vya soda, andika namba za kwenye rejista ya mahudhurio, weka kwenye kopo, chomoa. Mwenye kigugumizi namba yake ikitoka anaruhusiwa jirani yake aseme walichokubaliana. Mtoto wa nyuma akijibu wewe rudia jibu kwa sauti ukiwa umeangalia darasa, usiongee ukiwa umegeukia ubao, maana mwenye usikivu hafifu anakutegemea midomo. Mwenye ualbino mhamishe mbele mbali na dirisha, mruhusu kofia, na mruhusu kusogea mpaka ubaoni kusoma bila kuomba ruhusa kila mara.

Hii yote ifanyieni mazoezi kikaoni kabla ya kwenda darasani, mmoja awe mwalimu wengine mkae kwenye madawati. Sekunde tano za ukimya ni ndefu sana ukiwa umesimama mbele ya watu, usipozizoea utajijibu mwenyewe.

Kwenye kuangaliana hapa ndo pagumu, kwa sababu tumezoea anayeingia na kalamu darasani anakuja kukukagua. Kwahiyo mgeni asikae nyuma na fomu, akae dawati moja na mtoto mmoja kati ya wale watatu na aandike alichofanya mtoto tu: alinakili swali, akachungulia kwa jirani, akaandika 1/4 akafuta, hakuongea na mtu. Hakuna alama, hakuna "mwalimu alijitahidi". Na naomba sana mwalimu mkuu aanze yeye, yeye afundishe, walimu wa kawaida wakae wanaangalia watoto wake, hofu itapungua sana baada ya hapo.

Kikao cha mrejesho kisizidi saa moja, na kiwe kwenye ratiba ya shule muda wa kazi, sio jioni wakati mwenye mtoto mchanga anakimbilia nyumbani na wa mbali anawahi bodaboda. Maswali ni matatu, mtoto alifanya nini, nini kilimzuia, wiki ijayo tunabadilisha nini. Kaeni na mbinu hiyohiyo mwezi mzima, msiruke kila wiki kitu kipya.

Kuna watoto mbinu za darasani hazitawatosha. Masikio yanayotoka usaha yanahitaji hospitali, muite mzazi muongee kwa upole bila kumlaumu, na kama ni kuona, kusikia au kuelewa kwa ujumla ongea na afisa elimu maalumu wa halmashauri akuelekeze wapi mtoto anapimwa. Wewe usimpachike mtoto jina la ugonjwa.

Na wale mlio kwenye shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama, walimu wawili au watatu hakuna wa kumwachia darasa, weka simu mezani irekodi sauti ya kipindi dakika kumi, usiku sikiliza, hesabu ni watoto wangapi tofauti walioongea na ulisubiri sekunde ngapi kila swali, andika, kesho jaribu tena swali lingine.