Kuunganisha Paneli ya Redio katika Kokpiti ya Simuleta Inayojengwa Nyumbani

Katika kokpiti ya simuleta, paneli ya redio huguswa mara nyingi karibu sawa na usukani, kwa kuwa rubani hubadilisha masafa kabla ya kuruka, akiwa njiani, na tena anapokaribia uwanja. Mwongozo huu unahusu paneli ndogo yenye COM1 (redio ya mawasiliano), NAV1 (redio ya kuongozea njia) na transponda (kifaa kinachotuma msimbo wa ndege kwa rada ya waongoza ndege), inayofaa ndege ya aina ya Cessna 172, ikitumia bodi ya Arduino Mega 2560, yaani kompyuta ndogo ya kuunganishia vitufe na vioo, na programu ya MobiFlight, inayoiunganisha bodi hiyo na simuleta, ambayo hutolewa bure na hufanya kazi na Microsoft Flight Simulator na vilevile X-Plane.

Kabla ya kushika waya wowote, ni lazima jambo moja lieleweke: masafa hukaa ndani ya simuleta, wala hayakai ndani ya paneli. Kitufe cha kuzungusha hakihifadhi namba yoyote. Kazi yake ni kuiomba simuleta ipandishe au ishushe masafa, na kioo cha tarakimu nacho huonyesha kile ambacho simuleta yenyewe imekubali. Mtu anayeiachia Arduino ihesabu masafa kivyake ataona paneli inasema hili na ndege inasema lile, mara tu atakapoyabadilisha kwa kipanya au kufungua safari nyingine. Kwa hiyo kila redio ina njia mbili, ya ombi na ya jibu, na inafaa kuanza na ile ya jibu, yaani vioo vya tarakimu, kwa sababu kikishawaka na kusoma sawasawa kitakuwa shahidi wa kila utakachounganisha baadaye.

Moduli zenye tarakimu nane zinazoendeshwa na chipu ya MAX7219 zinatosha kabisa. Masafa ya COM yana tarakimu sita, kama 121.500, na redio moja huhitaji masafa mawili kwa wakati mmoja, yale yanayotumika na yale yanayosubiri, hivyo moduli moja kwa yanayotumika na nyingine kwa yanayosubiri ni mpangilio usiobana. Pini za DIN (data inayoingia), CS (kuchagua chipu) na CLK (mapigo ya saa) za moduli ya kwanza huenda kwenye pini tatu za bodi. Moduli inayofuata hupokea CS na CLK zilezile, lakini DIN yake hutoka kwenye DOUT (data inayotoka) ya iliyotangulia. Usitumie pini 0 na 1 za bodi, kwani ndizo zinazobeba mawasiliano kati yake na kompyuta. Moduli ya kwanza ikiwaka na ya pili ikabaki giza, kagua kwanza waya huo wa DOUT kabla ya kushuku kitu kingine.

Umeme ndio mahali ambapo paneli nyingi huharibika, na hapa naomba msomaji asifanye haraka. MAX7219 moja yenye tarakimu zote zilizowashwa kwa mwanga wa juu inaweza kuvuta takribani miliampea 330, ilhali mlango wa USB 2.0 umepangiwa miliampea 500 tu, nayo bodi yenyewe inataka fungu lake. Moduli mbili zikiwaka kikamilifu tayari zimevuka kiwango hicho. Punguza mwanga katika mipangilio au, vizuri zaidi, zipe moduli chanzo chake cha volti 5, kisha unganisha GND (upande hasi) ya chanzo hicho na GND ya Arduino, maana bila hasi ya pamoja ishara hazina kipimo na tarakimu zitaonyesha vitu visivyoeleweka. Upande chanya wa chanzo hicho, kinyume chake, usiuunganishe na volti 5 zitokazo kwenye USB. Karibu na kila chipu pawe na kapasita ya mikrofaradi 10 na nyingine ya mikrofaradi 0.1, moduli nyingi za dukani tayari zinazo, lakini ziangalie.

Kwa vitufe vya kuzungusha, chagua enkoda pacha (enkoda ni kifaa kinachotambua kitufe kimezungushwa upande gani na hatua ngapi), yenye mhimili ndani ya mwingine, ambapo ule wa nje hubadilisha megahezi na wa ndani kilohezi. Kila enkoda ina miguu mitatu: wa kati huenda GND, na miwili ya pembeni huenda kwenye pini mbili za bodi, bila haja ya rezista za ziada, kwani bodi ina zake za ndani. Kitufe cha kubadilishana masafa huunganishwa kwa pini moja na GND. Ukizungusha kulia na namba zikashuka, badilisha nafasi za miguu hiyo miwili ya pembeni. Namba zikiruka mbili kwa kila kituo unachokisikia kidoleni, au zikihitaji vituo viwili ili zisogee mara moja, enkoda ni nzima. Kilichokosewa ni aina yake uliyoichagua katika MobiFlight, nawe jaribu aina nyingine hadi kituo kimoja kilingane na hatua moja.

Kutoboa bamba na kukaza nati hakuhitaji maelezo marefu, ila acha waya ziwe na urefu wa kukuwezesha kulaza paneli kifudifudi bila kung'oa kitu.

Kwenye programu, ongeza vifaa vyote, vipe majina yanayosomeka, kisha pakia mipangilio kwenye bodi. Kitufe cha kubadilishana cha COM1, katika Microsoft Flight Simulator, hupewa tukio (yaani amri inayotumwa kwa simuleta) la COM_STBY_RADIO_SWAP. Kwa kioo, zidisha thamani ya megahezi kwa 1000 ili ipatikane namba kamili, halafu washa nukta baada ya tarakimu ya tatu. Bila hivyo 121.500 itaonekana kama 121.5. NAV huishia 117.95 na huhitaji tarakimu tano tu, hivyo zidisha kwa 100.

Transponda ina sheria yake: kila tarakimu huanzia 0 na kuishia 7, kwa hiyo tumia matukio ya simuleta yanayobadilisha tarakimu moja moja, nayo yatazuia 8 na 9 yenyewe. Agiza pia nafasi tupu za kushoto zijazwe sifuri, la sivyo msimbo 0420 utasomeka 420.

Mwisho, fanya majaribio kwa njia zote mbili. Badilisha masafa kwa kipanya ndani ya kokpiti ya kwenye skrini na utazame kama paneli inafuata. Kisha zungusha enkoda polepole, halafu kwa kasi, ukilinganisha namba. Zima umeme wa redio katika ndege: vioo navyo vinapaswa kuzimika, na visipozimika, ongeza sharti la swichi ya umeme wa avioniki (vifaa vya kielektroniki vya ndege) kwenye kila kioo kabla ya kufunga bamba.