Ukienda MRI, vaa ushungi usio na pini

Dada zangu wa Unguja na Pemba, ukipangiwa kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, toka nyumbani na ushungi wa kushonwa, ule wa kuvaa moja kwa moja, si mtandio wa kubana kwa pini. Sumaku ya mashine ile huvuta muda wote, hata kipimo hakijaanza. Kipini kilichosahaulika chini ya kidevu kinaweza kuchomoka kikakujeruhi jicho, au kikaharibu picha za kichwa na shingo. Nguo yenye nyuzi za kung'aa nayo iache, huweza kupata moto ikakuunguza. Lakini ushungi hausaidii ikiwa chuma kimo mwilini: kifaa cha moyo, klipu ya kubana mshipa wa ubongo, au chembe jichoni kwa aliyewahi kuchomelea vyuma. Hayo mwambie mtaalamu kabla hujaingia, hata kama hajakuuliza.