Kliniki ya meno ina wagonjwa lakini hela haionekani? Anza kuhesabu saa ya kiti

Wenzangu wenye kliniki za meno na mnaojipanga kufungua, naandika hii kwa sababu nawaona madaktari wazuri kabisa, mikono mizuri, wagonjwa wanawasifia, ila mwisho wa mwezi mshahara wa msaidizi unatafutwa kwa kukopa. Vibali nachukulia unavyo, yaani leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika, usajili wa kituo Wizara ya Afya, TIN na mashine ya EFD ya kutolea risiti, na kama una eksirei basi na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu. Hapa naongelea hela tu.

Hatua ya 1: jua saa moja ya kiti inakula shilingi ngapi

Fungua Excel au daftari, andika kila unacholipa hata mwezi ambao hajaingia mgonjwa. Tuseme kodi 1,500,000, mishahara 4,000,000 (na wewe mwenyewe umo humo, usijiruke, daktari asiyejilipa anajidanganya kwamba kliniki ina faida), rejesho la mkopo wa mashine 1,200,000, umeme na maji na intaneti na mafuta ya jenereta 600,000, usafi na taka hatarishi 200,000. Jumla 7,500,000.

Sasa kiti kimoja, siku 25, saa 8 kwa siku, ni saa 200. Wengi wanagawanya kwa 200 wanapata 37,500 kwa saa wanaridhika. Hapana. Rudi kwenye kitabu cha miadi uangalie ni saa ngapi mtu alikuwa amekaa kwenye kiti kweli, mdomo wazi, unafanya kazi. Kama ni saa 100 basi saa yako ni 75,000, na hiyo ndo namba ya kuibandika ukutani ofisini.

Hatua ya 2: pima kila huduma kwa hiyo namba

Ruti kanali (kusafisha na kuziba mzizi wa jino) ya gego tuseme ni miadi miwili ya dakika 45, hiyo ni saa moja na nusu, 112,500. Weka ganzi, faili za kusafishia mzizi, picha ya eksirei na vifaa vya kuziba 35,000, unafika 147,500 na hujaweka faida hata senti. Halafu unakuta mtu anatoza 110,000 kwa sababu kliniki ya mtaa wa pili inatoza 120,000. Lakini kabla hujakimbilia kupandisha bei angalia hiki: ukifikisha saa 150 za kiti kwa mwezi, saa inashuka mpaka 50,000, na ruti kanali ileile inakugharimu 110,000. Kodi haijapungua, mishahara ileile, kilichobadilika ni kiti kutokukaa tupu. Ndo maana mimi nasisitiza ujaze kiti kwanza, bei na matangazo ya Instagram vije baadaye.

Hatua ya 3: jaza kiti kwa wagonjwa ulionao tayari

Hapa ndo penye hela nyingi na ndo pamesahaulika. Chukua mafaili ya miezi sita, tafuta matibabu yaliyoanzwa hayakuisha. Utakuta ruti kanali kibao, kwa sababu ukishatoa neva maumivu yanaisha na mgonjwa anaona amepona, anaondoka na dawa ya muda mdomoni ambayo itavuja, na jino litaoza tena au litavunjika aje ling'olewe. Wapigie. Sio kuwasumbua, ni kuwaokolea jino, na mwambie hivyohivyo kwa lugha ya kawaida.

Kuanzia leo mgonjwa asitoke mapokezi bila tarehe ijayo, hata kama ni kusafisha meno baada ya miezi sita. Siku moja kabla mtumie meseji, asiyejibu mpigie asubuhi, na uwe na orodha ya watu wanaokaa karibu wanaoweza kuja haraka nafasi ikipatikana. Kwenye meseji usiandike ugonjwa, andika "una miadi kesho saa 4" inatosha, simu za nyumbani zinasomwa na wengi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe.

Hatua ya 4: hela ya bima sio hela mpaka iingie

Andika bima kwenye safu yake, usichanganye na kesh na Lipa Namba. Kila mwezi linganisha ulichodai na ulicholipwa, klemu (dai la bima) iliyokatwa uliza sababu, mara nyingi ni vitu vidogo kama saini ya mgonjwa kukosekana au namba ya jino. Umeziba jino namba 36 fomu imeandikwa 46, imekula kwako. Mtu mmoja tu awajibike na fomu, na azipitie siku hiyohiyo mgonjwa akiwa bado hajasahaulika.

Krauni (kofia ya jino) na meno bandia, usipeleke kipimo cha umbo la meno kwa maabara inayoyatengeneza kabla mgonjwa hajalipa angalau nusu, maabara inakudai wewe sio yeye.

Hatua ya 5: linda kiti kisisimame

Kompresa (mashine ya upepo wa kiti) itolewe maji kila jioni, hendipisi ya akiba ya kuchongea meno iwepo, ganzi na kompoziti ya kuzibia inayoisha muda mapema itumike kwanza. Otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, usiifanyie ubahili hata siku moja. Kama vifaa havitoshi kutakaswa kati ya mgonjwa na mgonjwa, nunua seti nyingine, usifupishe mzunguko wa kutakasa.

Hatua ya 6: daktari uliyemwajiri

Mimi sipendi kumlipa kwa asilimia tupu, inamsukuma achonge jino ambalo lingeangaliwa tu. Mpe mshahara wa msingi, halafu asilimia ndogo ya hela iliyoingia kweli baada ya kutoa gharama za maabara, na muandikishane kabla hajaanza kazi, pamoja na nani anarudia kwa gharama yake kazi ikiharibika.